Jinsi ya kuhariri makala ya Space Invaders kwenye Wikipedia ya Kiswahili

Ukikutana na makala yoyote kuhusu Space Invaders, nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza kwa nini wavamizi wa gemu ile wanaongeza mwendo kadiri unavyowapunguza. Kama haipo, au ipo kwa mstari mmoja usioeleza kitu, ujue makala hiyo bado inangoja mtu wa kuifanyia kazi. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, ukiwa Ngarenaro, Njiro au Usa River hapa mkoani Arusha, na simu yako mkononi.

Gemu yenyewe ni ya mwaka 1978. Aliibuni Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, na baada yake mashine za gemu zilijaa kwenye mikahawa, baa na kumbi za burudani za Japani na Marekani. Nimeichagua kwa mwongozo huu kwa sababu ina kila kinachomsumbua mhariri mpya: hadithi tamu isiyo na ushahidi, takwimu zinazogongana, ufundi wa ndani ambao waandishi wengi huuruka, na picha ambazo haki zake zina wenyewe. Ukiiweza hii, Pac-Man ya mwaka 1980 na Donkey Kong ya 1981 hazitakusumbua.

Akaunti, simu na bando

Simu janja ya kawaida inatosha. Kuhariri maandishi hakuli bando kubwa. Kinachomaliza bando ni video utakazojikuta unazitazama wakati wa kutafuta vyanzo. Andika rasimu yako kwanza kwenye simu, mahali unapoandikia kumbukumbu zako, hata bila mtandao, kisha unakili. Mtandao ukikatika ukiwa katikati ya kuhariri, au umeme ukiondoka ukiwa kwenye kompyuta ya steshenari, ulichoandika ndani ya ukurasa kinaweza kupotea chote.

Fungua akaunti. Jina lisiwe la duka wala la kampuni, maana wahariri wengine watadhani umekuja kutangaza biashara. Barua pepe ni hiari, lakini iweke, kwa sababu ukisahau nywila hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.

Kuna jambo moja linalowakatisha tamaa watu wengi wanaotumia simu. Unabonyeza kuhariri, unapata ujumbe kwamba anwani yako ya intaneti imezuiwa. Usidhani umekosea. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja, kwa hiyo mtu mwingine usiyemjua akiharibu kurasa, zuio lake linakufikia na wewe. Zima VPN (programu inayoficha anwani yako ya intaneti) kama unaitumia, acha kivinjari kinachobana data kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake, hakikisha umeingia kwenye akaunti yako, halafu jaribu tena. Ikishindikana kabisa, tumia Wi-Fi ya chuo au ya ofisini. Rasimu yako ipo salama kwenye simu, hivyo hakuna kilichopotea.

Tafuta kabla ya kuunda

Andika jina la gemu kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha jaribu tena kwa jina la Taito na la Nishikado. Huenda makala ipo, huenda gemu imetajwa tu ndani ya makala nyingine. Makala mbili kuhusu kitu kimoja ni usumbufu kwa kila mtu, na mwisho wake moja hufutwa au huunganishwa na nyingine.

Ikiwa ipo, soma yote kabla ya kugusa neno. Fungua historia yake uone nani aliandika nini na lini. Mara nyingi chini ya makala fupi utakuta maandishi yanayosema makala hii ni mbegu. Huo ni mwaliko wa kuipanua. Kisha fungua ukurasa wa Majadiliano na uwaage, kwa maana ya kuwaeleza waliotangulia unachotaka kufanya. Huku kwetu mtu haingii shambani kwa jirani bila kubisha hodi, na jumuiya ya Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo kiasi kwamba mwandishi wa kwanza wa makala bado anaweza kuwa anaifuatilia. Maneno machache yanatosha:

«Habari za kazi, ndugu. Naomba kuongeza sehemu kuhusu namna mashine ya gemu hii ilivyofanya kazi, pamoja na vyanzo. Mwenye maoni anieleze hapa. ~~~~»

Zile alama nne za mwisho zinageuka kuwa jina lako na saa ulipoandika. Kwenye majadiliano usisahau kuziweka, lakini usiziweke ndani ya makala yenyewe.

Vyanzo kwanza, sentensi baadaye

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapowasihi wahariri wapya watumie muda mrefu kuliko wanavyotaka.

Wikipedia haikubali ujuzi wa mwandishi peke yake. Kila dai linalohitaji kuaminiwa liwe limechapishwa mahali panapoaminika: gazeti, jarida, kitabu, makumbusho, chuo, au mahojiano ya mhusika mwenyewe. Kwa Space Invaders una bahati. Nishikado amehojiwa mara nyingi akaeleza alivyofanya kazi. Jumba la makumbusho la MoMA la New York liliiingiza gemu hii kwenye mkusanyiko wake mwaka 2013, na makumbusho ya The Strong ya Rochester, Marekani, yakaiweka kwenye ukumbi wake wa heshima wa gemu mwaka 2016. Majarida ya zamani ya gemu yameskaniwa ukurasa kwa ukurasa na yanapatikana bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Makala ya Wikipedia ya Kiingereza si chanzo. Itumie kama ramani tu. Shuka hadi kwenye marejeo yake, fungua kila rejeo wewe mwenyewe, na usinukuu ambalo hukulisoma.

Vipi kuhusu simulizi za wazee wetu? Mjomba wako anaweza kukuambia aliwahi kuicheza mashine hiyo safarini, na akawa anasema kweli tupu. Msikilize, tena mwandikie maneno yake kwa heshima. Lakini yasiingie kwenye makala mpaka yachapishwe mahali ambapo msomaji wa Songea au Mombasa anaweza kuyaona. Najua jambo hili linaumiza katika jamii ambayo mengi yanahifadhiwa kwa mdomo. Jawabu ni kuyachapisha kwanza, kwa mfano kwa kumpelekea mwandishi wa gazeti ayaandike, ndipo yanukuliwe.

Sasa chukua hadithi maarufu kuliko zote za gemu hii. Inasimuliwa kwamba mwaka 1978 Wajapani waliicheza kiasi kwamba sarafu za yeni 100 zikaadimika nchi nzima, serikali ikalazimika kutengeneza nyingine. Imeandikwa kwenye vitabu, imerudiwa kwenye magazeti, na mhariri mpya huikimbilia kwa sababu inapendeza. Ipime kabla hujaiandika. Sarafu iliyotumbukizwa kwenye mashine haibaki humo. Mwenye mashine anafungua sanduku, anahesabu, anapeleka benki au anatumia, nayo inarudi mitaani, kama vile chenji anayokusanya konda wa daladala ya Kwa Mrombo asubuhi inavyorudi madukani kabla ya jioni. Isitoshe, kumbukumbu za utengenezaji wa sarafu zinaonyesha kwamba yeni 100 zilizotengenezwa mwaka 1978 na 1979 zilikuwa chache kuliko za miaka iliyotangulia na iliyofuata. Uhaba ungekuwepo kweli, hesabu ingepanda.

Je, uifute? Hapana. Hadithi iliyoenea kiasi hicho ni sehemu ya historia ya gemu. Iandike kama ilivyo: kwamba ilisimuliwa sana, kisha eleza kwa nini takwimu haziiungi mkono, ukiweka chanzo kwa kila upande. Msomaji atakayeikuta hadithi hiyo mahali pengine atajua aitazame vipi.

Uangalifu huohuo utumie kwa kila dai la «ya kwanza duniani». Utasoma kwamba Space Invaders ndiyo ya kwanza kuonyesha alama za juu zaidi zilizowahi kupatikana kwenye mashine. Gemu ya Sea Wolf ya kampuni ya Kimarekani ya Midway ilikuwa ikifanya hivyo mwaka 1976. Utasoma pia kwamba ndiyo ya kwanza kutumia kichakata kidogo (microprocessor), yaani chipu inayoendesha programu. Hiyo nayo ilitanguliwa na Gun Fight ya Midway, ya mwaka 1975, ambayo chimbuko lake ni gemu nyingine ya Nishikado huyohuyo, Western Gun. Nishikado alipoona Wamarekani walivyoitengeneza upya gemu yake kwa kichakata, akaamua kazi yake inayofuata aijenge hivyo. Ukweli huo unavutia kuliko sifa ya uongo, na una faida ya kumweleza msomaji jambo lilivyotokea.

Idadi ya mashine zilizouzwa nayo hutajwa tofauti kati ya chanzo na chanzo. Usichague kubwa kwa sababu inapendeza. Taja nani anasema ngapi.

Kuandika: aya ya kwanza

Msomaji wako ni nani? Mimi humfikiria mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha anayesoma elektroniki, na mdogo wake wa kidato cha pili anayecheza gemu za simu tu. Wote wawili waelewe aya ya kwanza bila kufungua ukurasa mwingine. Aya hiyo inaweza kuwa hivi:

'''Space Invaders''' ni gemu ya video iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya [[Taito]] nchini [[Japani]] mwaka 1978. Mchezaji huongoza mzinga unaosogea kushoto na kulia chini ya skrini, akiwapiga wavamizi wa kutoka anga za mbali wanaoshuka kwa safu. Ilichezwa kwenye mashine ya kutumbukiza sarafu. Mchezaji alilipia kucheza, na hakukuwa na fedha ya kushinda.

Sentensi ya mwisho nimeiweka kwa makusudi. Mitaani kwetu, mashine inayomeza sarafu watu wanaijua kama dubwi, yaani ya kamari. Bila ufafanuzi huo, mdogo wetu wa kidato cha pili ataondoka akidhani Nishikado alibuni kamari.

Alama nilizotumia ni rahisi. Alama tatu za mkato wa juu kila upande hukoleza wino. Mabano mraba mawili hutengeneza kiungo cha kwenda makala nyingine. Ukibonyeza Hariri chanzo utaziona alama hizo. Ukibonyeza Hariri peke yake utaona ukurasa kama msomaji anavyouona, na vitufe vitakufanyia kazi ya alama. Anza na njia yoyote. Rejeo huwekwa mara tu baada ya dai lake, ndani ya <ref> na </ref>, likiwa na jina la mwandishi, kichwa cha andiko, mchapishaji na tarehe. Chini kabisa kuwe na sehemu ya Marejeo yenye <references />, la sivyo marejeo yatajitokeza mahali yasipotakiwa.

Usitumie mashine ya kutafsiri halafu ukabandika matokeo yalivyo. Wikipedia ya Kiswahili imeumizwa sana na makala za namna hiyo, sentensi ndefu zisizo na kichwa wala miguu, na wakabidhi wanaosimamia usafi wa kurasa huzifuta. Soma chanzo, kifunge, kisha eleza kwa maneno yako kana kwamba unamsimulia jirani. Aya tano ulizozielewa zina faida kwa msomaji kuliko aya hamsini zilizomwagwa.

Kuandika: namna ilivyochezwa na ilivyofanya kazi

Sehemu ya uchezaji haihitaji maneno mengi. Wavamizi ni 55, katika safu tano za wavamizi 11. Wa chini wana alama 10, wa katikati 20, wa safu ya juu 30, na mara kwa mara chombo cha ajabu hupita juu kabisa kikiwa na alama za ziada. Mchezaji ana ngome nne za kujikinga, ambazo zinamomonyoka kwa risasi za pande zote mbili. Wavamizi wakifika chini, mchezo umekwisha. Nishikado alieleza kwamba hakutaka maadui wawe binadamu, kwa kuwa kupiga watu hakukuonekana jambo jema. Akachora viumbe vinavyofanana na pweza, kaa na ngisi. Weka hilo, lina maana kwa mzazi anayesoma.

Kisha fika kwenye ufundi, na hapo tulia. Kichakata cha mashine kilikuwa Intel 8080, chenye mwendo wa megahezi 2. Nishikado alilazimika kujitengenezea hata vifaa vya kuandikia programu, na kazi yote ya gemu ilimchukua takriban mwaka. Kichakata kile hakikuweza kuchora viumbe vyote 55 kwa pamoja bila kuzidiwa. Skrini ilikuwa ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, na programu ilisogeza mvamizi mmoja tu kwa kila mchoro. Fanya hesabu: wakiwa 55, kundi zima linahitaji michoro 55 ili kila mmoja apige hatua moja, yaani karibu sekunde nzima. Wakibaki kumi, hatua hiyo inachukua sehemu ya sita ya sekunde. Akibaki mmoja, anasogezwa kila skrini inapochorwa, na ndiyo sababu yule wa mwisho anakimbia kama mwendawazimu.

Mwendo huo ulitokana na udhaifu wa kifaa. Nishikado aliona unaufanya mchezo uzidi kusisimua, akauacha. Sauti nayo, zile noti nne nzito zinazoshuka na kujirudia, huongeza kasi pamoja na wavamizi. Ukiandika aya mbili nzuri juu ya jambo hili, kwa Kiswahili kinachoeleweka, yule mwanafunzi wa elektroniki atakuwa amepata somo la kichakata ambalo hakulitarajia kwenye makala ya gemu. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala za aina hii.

Ongeza pia habari ya rangi, ni sentensi mbili tu: skrini za mashine za mwanzo zilikuwa nyeusi na nyeupe, na rangi ilipatikana kwa kubandika vipande vya plastiki ya rangi juu ya kioo. Wengi hudhani skrini yenyewe ilitoa rangi. Toleo la nyumbani la mwaka 1980, la kifaa cha gemu cha kampuni ya Atari, lina nafasi yake pia, kwa sababu watu walinunua kifaa kizima cha Atari ili wapate gemu hii.

Picha

Usipakie picha ya skrini ya gemu. Michoro ile ina haki za mwenyewe, Taito, ambayo tangu mwaka 2005 ni mali ya kampuni ya gemu ya Square Enix. Tafuta kwenye Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazotumiwa na Wikipedia, picha ambazo tayari zimeruhusiwa, na uandike chini yake maelezo yanayosema kinachoonekana.

Kuhifadhi

Kabla ya kuhifadhi, tazama ukurasa kwa kitufe cha mwonekano wa awali. Kisha jaza muhtasari wa ulichofanya. Wengi huuacha wazi, na matokeo yake mhariri mwingine haoni nia yako, anarudisha kila kitu kilivyokuwa. Andika kwa ufupi: «nimeongeza sehemu ya ufundi, vyanzo viwili». Kama umetafsiri sehemu yoyote kutoka Wikipedia ya lugha nyingine, sema hivyo kwenye muhtasari na utaje makala uliyoitoa, kwa sababu leseni ya Wikipedia inaruhusu kunakili kwa sharti la kuwataja walioandika.

Mwisho wa ukurasa weka jamii, yaani kundi la makala zinazofanana, kwa mfano [[Jamii:Michezo ya video]], baada ya kuhakikisha jina la jamii unayoiweka linatumika tayari kwenye makala nyingine. Kama makala ni mpya, iunganishe na lugha nyingine kupitia Wikidata, tovuti dada inayounganisha makala za lugha zote, ili anayesoma kwa Kijapani au Kifaransa aone kwamba Kiswahili kipo.

Baada ya hapo

Weka makala kwenye orodha yako ya kufuatilia. Siku moja utakuta sentensi yako imeondolewa. Usiirudishe papo hapo. Fungua historia, soma sababu, kisha uliza kwa adabu kwenye Majadiliano. Mara nyingi utaambiwa chanzo hakifunguki, au dai limezidi kile chanzo kinachosema, na ukirekebisha hilo sentensi itarudi ikiwa imara zaidi. Mkikosa kuelewana, mwombe mkabidhi awasaidie. Ndiyo kazi yao, na wanaifanya kwa kujitolea.

Ukitaka kuendelea, nenda kwenye makala ya Japani, ya Taito ikiwa ipo, na ya historia ya kompyuta, uweke kiungo kinacholeta wasomaji kwenye kazi yako. Makala isiyo na kiungo kinachoielekea haionwi na mtu. Akaunti ikishafikisha miezi sita na mahariri 500, na kama bado unahariri kila mwezi, unaweza kuingia kwenye Maktaba ya Wikipedia na kusoma bure majarida ya kitaaluma ambayo kwa kawaida hulipiwa. Humo kuna maandiko ya historia ya gemu ambayo bado hayajatumika kwenye makala za Kiswahili.